Bibi Harusi wa Mafuvuni

Konda alisema wa Mafuvuni asogee mlangoni, na abiria mmoja akadakia kwamba huyu dada bado ana nyama kidogo, asishushwe hapo. Watu wakacheka. Mimi sikuwa na nguvu. Tangu Karatu, mwanangu Naomi alikuwa amenitapikia kwenye kanga, amelia mpaka geti la Loduare, amelala tulipopita ukingo wa kreta kwenye ukungu, ameamka tena tulipoteremkia vumbi. Basi likatuacha, likaendelea na safari yake ya Wasso.

Kituo chenyewe hakina hata benchi. Kuna ule mnara wa mafuvu mawili makubwa, pale inapochepuka barabara ya kwenda Bonde la Oldupai. Mwalimu wetu wa historia, masomo ya jioni, alitufundisha kuwa binadamu wa kale waliishi bondeni mle. Nilikariri kwa ajili ya mtihani. Sikujua kuwa ipo siku nitashuka hapo na mtoto mgongoni, namwendea mama mkwe.

Mama mkwe hakunitaka, na hakuna aliyenificha hilo. Mimi ni mtoto wa Wachaga waliohamia Karatu kufungua duka. Mwanawe, Ngoitiko, anaendesha magari ya watalii. Siku tuliyofunga ndoa kanisani hakuja. Alituma neno kwamba kwao mke huletwa, na kwamba mwanawe ameoa kama mtu aliyeokota kitu njiani. Juzijuzi akatuma jingine: anataka kumwona mjukuu. Kuhusu mimi, kimya. Ngoitiko akapangiwa wageni siku ile ile, akaniambia nitangulie, nikiahirisha mama yake ataona nimemnyima mtoto. Basi nikaja, na moyoni nilikuwa na ombi moja tu, anipokee na mimi, siyo Naomi peke yake.

Sinyati, wifi yangu, alikuwa amekaa upande wa mnara wenye kivuli. Akanipokea begi, akasema boma si mbali, lile pale linaonekana. Kweli lilionekana. Lilionekana njia nzima na wala halikusogea. Tukitembea akanifundisha kuwa nikisalimiwa takwenya niitikie iko, na jina la mama yake nisilitaje kabisa.

Tulipokaribia uzio wa miiba, wanawake wakatoka kutulaki. Mama mkwe alisimama nyuma yao, mrefu, mikono ndani ya shuka, uso hausemi kitu. Hapo ndipo miguu ikagoma. Kamba ya ndala ilishakatika, mgongo unawaka, Naomi amekuwa mzito kama gunia la vitunguu vya Mang'ola. Nikakaa chini vumbini, mbele ya wakwe zangu, nikasubiri aibu.

Wanawake wakaanza kucheka, lakini siyo kwa dharau. Mmoja akanyoosha kidole zizini akasema jambo, wenzake wakashangilia.

"Wanasema umekataa kuingia," Sinyati akaninong'oneza. "Shangazi amekupa mbuzi."

Nikamwambia sijakataa chochote, nimechoka, anishike mkono niinuke. Akanikandamiza bega.

"Kaa hapo hapo, wifi. Bibi harusi wa kwetu hasogei mpaka aahidiwe mifugo. Ukiinuka kwa mbuzi mmoja tutachekwa mpaka Endulen."

Mwingine akaahidi kondoo. Niliwasikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwa mama mkwe ambaye hajatamka neno, na wenzake nao wakaanza kugeuka kumtazama. Naomi akapiga chafya.

Akaja taratibu mpaka mbele yangu. Akasema maneno marefu kwa Kimaasai, makali, nikajua nafukuzwa.

"Anasema alidhani watu wa dukani hamjui kukataa," Sinyati akatafsiri. "Anakupa ndama jike wa ng'ombe wake mweupe. Sasa hamtaitana mkwe. Aliyetoa ndama jike na aliyepewa wote wanaitana Paashe."

"Paashe," mama mkwe akaniita, akangoja.

Jibu lilikuwa jepesi. Lakini niliona nikilitoa vile nitakuwa nimeingia kwake kwa uongo, na mimi nilitaka anipokee mimi.

"Mama," nikasema, "sikukataa. Nilichoka tu."

Sinyati alinikazia macho, kisha akatafsiri kwa sauti ndogo. Mama mkwe alisikiliza. Akachuchumaa, akamfungua Naomi mgongoni mwangu, akasema jambo fupi huku akimpangusa vumbi usoni.

"Anasema hata yeye alichoka. Siku aliyoolewa walimleta kwa miguu kutoka Kakesio. Na ng'ombe akapewa."

Akampakata mtoto kwa mkono mmoja. Ule mwingine akaninyooshea mimi.

"Paashe," nikamwitikia, nikaushika, akanivuta nikasimama.