Mguu wa Magesa

Scolastika alipoingia wodini, alimkuta Vumilia ameketi kitandani pa mumewe, Magesa. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limemporomokea Magesa huko Geita, akaletwa Shinyanga akiwa amezimia, na huyo mwanamke aliyeishi naye machimboni ndiye aliyemsindikiza.

"Shikamoo, dada," alisema Vumilia.

Nesi alikuwa amenyoosha mkono wenye fomu ya ridhaa ya upasuaji, na Vumilia alikuwa anaipokea.

"Huyo asiiguse," alisema Scolastika. "Mimi ndiye niliyetolewa ng'ombe, yeye kaokotwa tu. Mke wa kusaini ni mimi."

"Wakati namfulia na kumpikia, hao ng'ombe wako walikuwa wapi?"

Scolastika akaikwapua karatasi, Vumilia akaing'ang'ania, nayo ikachanika katikati. Daktari aliyeingia wakati huo aliwapita wote wawili, akaenda kuinama kitandani, maana Magesa alikuwa amefumbua macho.

"Maadamu amezinduka na akili zake timamu, sheria inanitaka nimuulize yeye," alisema daktari. Kisha akamweleza Magesa polepole kwamba mguu umesagika, kwamba anataka kuukata juu ya goti, na kwamba ana haki ya kukataa, ingawa akikataa anaweza kufa.

Scolastika alishika ukingo wa kitanda. Kukata?

Magesa alimtazama, akamtazama na Vumilia, kila mmoja na kipande chake cha karatasi mkononi.

"Kumbe hamkuuliza wanakata nini," alisema.