Kijiko cha Ndululu

Jonah alisimama mlangoni pa jiko, bakuli la maembe mikononi, akakohoa ili mkaza mwanawe, mke wa Muthama, ajue yupo.

"Mumbua mama, niazime jiko lako kidogo."

Mumbua aliinuka upesi, macho chini. Tangu aolewe katika boma hili alikuwa hajawahi kumwona baba mkwe akivuka kizingiti hicho. "Baba, sema tu unachotaka, nitakupikia."

"Hiki nitakipika mwenyewe."

Kwa miaka mingi Jonah alikuwa mpishi wa Wazungu huko Nairobi. Hapa Makueni alifika wakati wa Krismasi tu, akaketi na kuandaliwa kama mgeni. Hata baada ya mwajiri wake kurudi kwao Uingereza, naye akarejea nyumbani moja kwa moja, mikono yake haikugusa sufuria. Mwanamume akipika mjini ni kazi. Akipika kwake ni kichekesho. Ndululu, mkewe, hakuwahi kumwomba.

Sasa Ndululu alikuwa kitandani. Malaria ilikuwa imemtoka, lakini uchungu wa dawa ulimganda mdomoni, na kila alicholetewa alikigeuzia kisogo. Asubuhi hiyo Jonah alimshika mkono, akaogopa jinsi ulivyokuwa mwepesi.

Alimenya maembe, akayakatakata ndani ya sufuria ndogo, akayanyunyizia sukari na maji ya ndimu. Akaufikicha unga wa ngano kwa samli, kwa ncha za vidole, mpaka ukawa chengachenga, akaumwaga juu ya maembe. Tanuri halikuwapo. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaitia ile ndogo humo, akaiweka motoni, akafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Mumbua, aliyekuwa akichungulia kutoka uani, alisahau kuinamisha macho.

Harufu ilitangulia chumbani. Ndululu akafumbua macho.

"Mumbua amepika nini?"

"Si Mumbua," akasema Jonah, akiingia na sahani.

Ndululu aliyaona majivu kwenye nyusi zake. Akakubali kuinuliwa, akashika kijiko. Juu palivunjika kama biskuti. Chini embe lilikuwa laini, la moto, limetoa maji mazito matamu. Akameza. Akachota tena. Kisha akakilaza kijiko, machozi yakamtiririka.

"Ni kichungu?"

"Ni kitamu." Sauti yake ilikuwa kavu. "Baba Muthama, kumbe miaka yote ile wenzangu walipikiwa hivi na mume wangu. Na mimi huku nachemsha mahindi ya muthokoi, nalala peke yangu."

Jonah aliitazama mikono yake. Aliwahi kuleta blanketi, sukari, majani ya chai. Hakuwahi kufikiri kwamba mikono yake nayo ilistahili kuja nyumbani.

"Wewe ulikipenda?" Ndululu akauliza.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Nilionja sukari tu, kwa ncha ya ulimi. Kikitoka jikoni kinakwenda mezani. Kikirudi kimepoa, au kimeisha. Sijawahi kukila kikiwa moto."

Ndululu alikishika tena kijiko. Miaka yote hiyo alimdhania ameketi mahali, ameshiba. Akajisogeza hadi ukutani, akaacha nafasi kitandani, akachota kijiko kilichojaa, akakipuliza.

"Keti."

Jonah akaketi, akafungua mdomo. Alipotafuna, alifumba macho.

Mumbua akabisha hodi. "Mama, nichukue sahani?"

"Bado," Ndululu akajibu, akichota tena. "Baba yenu anakula."