Dakika Nyembamba

Posa ya fundi wa tovuti kwa binti wa Mama Saluni ilikuwa imelala kwa mama huyo, mwezi wa pili sasa. Mama hakukataa wala hakukubali. Alisema tu, "Nitengenezee ukurasa wa miadi, mwanangu, tuuone mkono wako." Bwana harusi mtarajiwa akakesha nao. Akaujaribu kwa 3:50, kwa 4:35, kwa 5:20. Dakika nene zote zikatokea vizuri, akaridhika. Dakika nyembamba, zile za chini ya kumi, hakujaribu hata moja.

Sasa, Mama Saluni hufungua saa tatu kamili, akafagia dakika tano, ndipo akamkalisha mteja wa kwanza. Jumamosi ile wa kwanza alikuwa wifi yake mkubwa, 3:05, na wa pili wifi yake mdogo, 3:50. Wawili hao hawakuwa wakisemezana tangu ugomvi wao wa cherehani, na Mama aliwapanga hivyo makusudi, mmoja atoke kabla mwingine hajaingia.

Ukurasa ukamwandikia wifi mkubwa "3:5". Kompyuta ikiambiwa dakika tano huandika tano, basi. Sufuri ya mbele haiweki mpaka uilazimishe. Wifi akaitazama simu, akaona kuna sufuri imeanguka, akairudisha kwa akili yake nyuma ya ile tano. Akaja saa tatu na dakika hamsini, akagongana na wifi mdogo mlangoni.

Fundi aliitwa mbio. Aliwakuta wamekaa kiti kwa kiti, wamenuna, na Mama kasimama kati yao na kitana mkononi. Aliogopa kwelikweli, aliona posa inaota mbawa.

"Hii kazi ya nani?" Mama akauliza.

"Yangu, Mama. Imepungua sufuri moja tu. Naiweka sasa hivi."

Wifi mkubwa akajisahau, akamgeukia mwenzake. "Unamsikia? Sufuri moja tu. Na huyu ndiye anataka kuoa."

"Wakijaliwa pacha," wifi mdogo akajibu, "atarudi nyumbani na mmoja."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Fundi hakucheka. Aliandika mstari wake mmoja, jasho likimtiririka, na 3:05 ikatokea kama inavyotakiwa.

Mama aliwatazama wale wawili wakicheka. Mwaka mzima alikuwa akijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Akamgeukia fundi.

"Posa nimeikubali," alisema. "Ila saa ya harusi nitaiandika mwenyewe, kwa kalamu."