Bango la Msusi

"Tulia, usinitie aibu," mama alininong'oneza, huku akivuta nywele juu ya kipele kilichokuwa kikitoa maji.

Mama alikuwa msusi, na bango lake lilikuwa kichwa changu. Kila mtindo mpya ulianzia kwangu, kisha nikakalishwa kwenye kigoda mlangoni ili wapita njia wauone. Kizuri chajiuza, ndivyo alivyopenda kusema.

Vipele vilipoanza kuniwasha alinipaka mafuta. Nikazidi kujikuna hadi kucha zikatoka na damu, na nywele zikaanza kunyofoka zikiacha mabaka. Hakunipeleka hospitali. Alisuka juu ya mabaka, akakaza zaidi ili yafichike.

"Mteja akijua mtoto wa msusi ana mapunye, nani ataleta kichwa chake hapa?"

Simlaumu kwa kuogopa. Namlaumu kwa kukaza.

Shangazi alipokuja kututembelea alinikuta nina homa, tezi za shingoni zimevimba, siwezi kugeuza kichwa. Alinifumua bila kuomba ruhusa. Usaha ukamtiririkia vidoleni.

"Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu ni mwanao au ni bango?"

Mama aliinuka akafunga mlango, wateja wasione.

Shangazi ndiye aliyenibeba hadi zahanati. Daktari alinishika kichwa taratibu, kama mtu anayeshika yai.

"Hawa ni fangasi, na mafuta hayawaui. Anahitaji dawa ya kunywa. Mtoto akiwashwa na asipate nafuu, mleteni mapema. Akinyofoka nywele, akitoka usaha, akivimba tezi au akipata homa, msingoje hata kesho." Akagusa baka lililo wazi. "Hapa nywele huenda zisirudi."

Hazikurudi. Nina kipara cha ukubwa wa kiganja, na nimekichukia maisha yangu yote.

Juzi nilimpitia mama nikiwa na binti yangu. Kitambaa cha kichwani kikaniteleza, na mteja aliyekuwa akisukwa akanitazama kwa huruma.

"Pole, dada. Uliungua?"

"Kazaliwa hivyo," mama akawahi kujibu kabla yangu, macho yake kwenye kitana.

Binti yangu alikuwa anajikuna nyuma ya sikio. Mama alimwona, akavuta kigoda.

"Njoo, mjukuu wangu, bibi akusuke upendeze."

Nikamshika mwanangu mkono.

"Ana vipele, mama. Tunakwenda hospitali," nilisema, kwa sauti ya kumfikia mteja na waliokuwa wakipita nje.

Mama akainuka kwenda kufunga mlango.