Alizeti za Mama Anastasia

Jumanne asubuhi, Loyce alikuwa akifukuza ndege kwenye shamba la mama yake, Anastasia, pale Ihanja, eka mbili ambamo baba yake alizikwa na mama alitaka azikwe pembeni yake. Alizeti zilikuwa zimekomaa, zinatazama mashariki. Gaspari, mtu wa kiwanda kipya cha mafuta, alipotokea kwenye lami na mkoba kwapani, zote zikamgeukia.

Gaspari alizunguka shamba akihesabu hatua. Alizeti zilizunguka naye. Alipotua mkoba chini apige simu, ziliuinamia mkoba. Nyuki walihamia upande wa pili, wakaendelea na kazi.

"Kuna nini humo?" Loyce aliuliza.

"Maendeleo, dada. Ihanja inakuwa mji: stendi, taa za barabarani, kiwanda hapa hapa. Mlikubali wenyewe."

Loyce hakukumbuka kukubali kitu, na maneno matamu ya Gaspari hayakumwingia. Alimfuata hadi ofisi ya kijiji. Njiani kila shamba liligeuka mkoba ulipopita. Watu walitazama kidogo, kisha wakarudi kuanika mtama wao.

Mwenyekiti Melkizedeki alifunua karatasi zilizotoka mkobani. Ya chini ilikuwa orodha ya mahudhurio ya mkutano wa Machi. Ya juu, iliyobanwa baadaye, ilisema waliosaini wametoa mashamba yao.

"Mama hakuja mkutanoni," Loyce alisema. "Yuko kitandani tangu Krismasi."

"Saini yake hii hapa."

Loyce aliitambua, kwa sababu aliiandika mwenyewe. Siku ile kila aliyesaini alipewa soda, na Ihanja mgonjwa hasahauliwi. Aliyekwenda humchukulia ya kwake. Alikuwa amemsainia mama, akampelekea soda ya chungwa ingali baridi. Sasa aliiwekea kidole.

"Mwenyekiti, hii ilikuwa ya soda."

"Najua," alisema Melkizedeki, ambaye siku ile alichukua tatu. "Karatasi haijui."

Tingatinga lilikuja Ijumaa. Mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliambiwa na Loyce kuwa wanachonga barabara. Kiwanda kilisimama, kaburi la baba likabaki chini ya sakafu ya ghala, na mji ulikua kweli, tena upesi. Alizeti za kijiji kizima zilikitazama kiwanda mchana kutwa. Madereva wa malori walizifuata wakafika bila kuuliza njia.

Nyuma ya nyumba Loyce alipanda mbegu kiganja kimoja. Zikaota alizeti kumi na moja.

Zilipokomaa, mama aliomba atolewe nje apunge upepo. Loyce alimkalisha kwenye kigoda, akaenda dukani kumnunulia soda. Aliporudi, alizeti zote kumi na moja zilikuwa zimemgeukia yeye. Alihama kushoto, zikahama.

"Mwanangu," mama aliuliza, "za shambani kwetu zinatazama wapi siku hizi?"

"Mashariki, mama," Loyce alisema, akamfungulia soda.