Kisu Kilichobaki Kwenye Paa

Ugali wa uwele ulikuwa ukitoa mvuke katikati yetu na hakuna aliyenyoosha mkono. Chrispin, mume wangu, aliutazama, akanitazama mimi, kisha akainuka kwenda kula kwa dada yake, Raheli. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule wa sabini na tano, nyumba moja, vyungu viwili. Baba yangu alikuwa ameuawa na watu wa kijiji cha mume wangu.

Mwaka uliotangulia, malori ya serikali yalitutoa kwenye miji yetu ya zamani na kutupanga kwenye mistari ya vijiji vipya. Watu wa bondeni, wengi wao Waislamu, waliwekwa Makilimba. Watu wa juu, wengi wao Wakatoliki, waliwekwa Ntuundwa. Katikati likabaki Jiwe la Mvua na kisima chake, mahali ambapo mababu wa pande zote waliomba kabla ya kanisa na kabla ya msikiti. Hakuna aliyetuambia mashamba yanayolizunguka ni ya nani. Mimi nilizaliwa kwa watu wa bondeni, nikabatizwa Marietha nilipoolewa kwa watu wa juu. Siku walipogombania mpaka, baba yangu, mzee Mughwai, alipigwa jembe la kichwa na mtu wa Ntuundwa ambaye hata leo hakuna anayemtaja.

Kwetu, damu ikimwagika kati ya pande hizo, mtoto wa marehemu hali tena chakula pamoja na upande uliomwua, hata kama ni mumewe, mpaka wote wakutane jiweni. Waliofiwa huleta kondoo mweusi. Kisu hutoka upande wa pili, na hushikwa na mtu wa ukoo mmoja tu, ukoo wa Chrispin. Nyama huliwa hapo hapo, ngozi hukatwa vipande, kila mmoja akavaa chake kidoleni. Baada ya hapo watu hurudi kwenye chungu kimoja. Kristo nilimwamini, na bado namwamini, lakini damu ya baba ni damu ya baba. Kondoo wangu nilikuwa nimeshamchagua. Nilimtaka mume wangu arudi kula kwangu, basi.

Viongozi wa wilaya walijaribu kutupatanisha wakashindwa. Padri hakuaminiwa Makilimba, shehe hakuaminiwa kwetu Ntuundwa. Ndipo akaletwa Bwana Halvor, mtu wa Norwei, ambaye tuliambiwa aliwahi kuwakalisha pamoja watu wa mataifa mawili waliogombania mahali patakatifu. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Alilala shuleni, akanywa maji yetu ya tope bila kukunja uso, akawasikiliza watu mpaka macho yakamwiva.

Siku ya mapatano tulikaa kwenye darasa ambalo halijaezekwa, jua likituchapa. Mkalimani alisoma. Jiwe lingekuwa la wote. Makilimba wangekwenda Ijumaa, Ntuundwa Jumapili, wasikutane. Na asionekane mtu pale na silaha, iwe rungu, panga au kisu.

Niliwasubiri wazee waseme. Walijua wote, wa huku na wa kule, kwamba bila kukutana na bila kisu kondoo hachinjwi. Lakini padri alikuwa amekaa kulia na shehe kushoto, na hakuna mzee aliyetaka kiongozi wake wa dini ajue kwamba bado anachinja kondoo jiweni. Watu waliokuwa wamepasuana vichwa wakawa kitu kimoja kwa kunyamaza.

Bwana Halvor aliwazungushia macho. Mkalimani akatafsiri, "Anauliza, kuna jambo lolote ambalo hakuuliza?"

Nikasimama. "Shikamooni, wazee. Na kisu cha kondoo?"

"Kondoo gani, mama?" padri akauliza.

Nilimgeukia Chrispin. Alikuwa katekista, alivaa shati jeupe nililolifua mwenyewe. Alisimama polepole.

"Padri, mke wangu amefiwa na baba yake," alisema. "Uchungu umemzidi. Hayo yalikuwa mambo ya zamani."

Aliyasema kwa upole, kama anayemfunika mgonjwa shuka, na upole ule ndio ulionichoma. Mkalimani hakuona cha kutafsiri. Wakatia saini, wakapiga makofi. Tangu siku ile hakuna aliyeuawa kwa ajili ya mpaka, na sifa hiyo yule mgeni siwezi kumnyima.

Jioni nilimwuliza Chrispin, "Kisu kiko wapi?"

"Kwenye paa."

"Na leo utakula wapi?"

Alichukua fimbo yake akaenda kwa Raheli.

Nilirudi kwa mama yangu Makilimba baada ya mavuno. Nikawa nakwenda jiweni Ijumaa, naye Jumapili. Mapatano yalisema tusikutane, na nadhani sisi wawili tuliyashika kuliko mtu yeyote. Kondoo wangu alizeeka zizini mpaka meno yakamtoka.

Chrispin alipofariki nilivuka mpaka kwenda kumzika. Raheli, naye mzee sasa, alininawisha mikono, akaniwekea ugali wa uwele na mlenda.

"Kula, wifi. Umetoka mbali."

Njaa ilikuwa inaniuma. Nikamwambia nimeshiba.

Aliitazama sahani, akaifunika kwa ungo. Hakunilazimisha.