Alizeti Zilizolipa Jua Kisogo

Chama cha wakulima wa maua kilikuwa na wanachama thelathini na mmoja. Katibu wake, mwanamke waliyembandika jina la Mama Fomu kwa sababu angemjazisha fomu hata mama mkwe wake, aliwatembelea wote kila msimu kabla ya kuwapa cheti. Alinusa udongo, akapekua mboji kwa kijiti, akachungulia bandani kutafuta chupa za sumu. Aliyelima kwa dawa za kiwandani hakuuza kwa jina la chama, awe ndugu au jirani.

Asubuhi ile alifika kwa mwanachama aliyemwamini kuliko wote, mke wa mwalimu mstaafu. Shamba lilikuwa safi kama kawaida yake. Ila alizeti zilikuwa zimelipa jua kisogo. Zilizokomaa na zilizo changa, zote zilielekeza nyuso kwenye dirisha moja la nyumba.

"Umezifunga?" katibu aliuliza.

"Sijazigusa, dada. Zilianza wiki ile shemeji yako alipoacha kusema."

Mwalimu alikuwa nyuma ya dirisha lile, kitini, macho chini. Kumbukumbu zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo kwa miaka miwili, kisha maneno nayo yakakauka. Mkewe alieleza kwamba akimhamishia sebuleni, hata chai haijapoa alizeti nazo zimeshageukia sebuleni.

Katibu alicheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akatazama fomu yake. Udongo, maji, mboji, sumu. Hapakuwa na mahali pa kuandika jambo kama lile. Akatia sahihi.

Siku ya pili mashina sitini ya alizeti hizo yaliletwa ghalani, chumba cha saruji ambamo chama kilikusanya maua kabla ya kuyasambaza madukani. Katibu aliyapanga kwenye ndoo za maji. Alipogeuka kufunga mawaridi kisha akainua macho, vichwa vyote vilikuwa vikitazama ukuta wenye bomba. Nyumba ya mwalimu ilikuwa upande huo. Akazizungusha ndoo. Alizeti hazikuchukua muda, zikaugeukia ukuta tena.

Saa tisa mchana mke wa mwalimu alipiga simu. "Mzee hayupo. Nilitoka kuanua nguo tu. Tumemtafuta mpaka barabarani."

Katibu alitazama ndoo. Alizeti zilikuwa zimeuacha ukuta. Sasa zilitazama mlango.

Hakumwambia mtu. Alichomoa shina moja, akatoka nalo kama anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Penye njia panda alisimama, akalizungusha vidoleni. Ua likajipinda polepole, kama shingo ya mtu aliyeitwa, likaelekea kushoto. Akapita karakana ya magari, akapita uzio wa shule. Moyo ulimkataza, lakini miguu ilikuwa imeshakubali. Nyuma ya shule, kwenye ukingo wa mfereji mkavu, ua liliinama likatazama chini.

Mwalimu alikuwa humo, amekaa, kifundo cha mguu kimevimba, viatu mkononi.

"Shemeji," katibu aliita kwa upole.

Mzee hakumwangalia yeye. Aliangalia ua, akajikinga uso kwa kiganja, akasema maneno yake ya kwanza baada ya miezi mitatu.

"Ziambie ziache kunitazama."

Mkewe alipofika na majirani, katibu alimvuta kando akamweleza yote, na maneno yale pia.

"Nilidhani zinamlinda," mke akasema. "Kila asubuhi mimi ndiye niliyemfungulia pazia."

Kesho yake wanawake hao wawili waliingia shambani na mikasi. Walikata mstari baada ya mstari. Zilizobaki hazikuwageukia hata kidogo. Ziliendelea kulikodolea macho dirisha lililofungwa pazia, mpaka ya mwisho. Hawakuzitupa kwenye mboji. Walichimba shimo wakazifukia, pamoja na zile za ghalani.

Mwalimu hakupona, ila alianza kula kwa mkono wake, na siku moja moja aliomba maji.

Kwenye mkutano wa chama, mwenyekiti aliuliza kwa nini mkulima hodari wa alizeti ameziacha. Mke wa mwalimu akainamisha kichwa.

"Ameamua kupanda mawaridi," katibu akajibu kwa niaba yake, kisha akasoma ajenda iliyofuata.